Mkata Midomo wa Banda la Nne

Kama hujawahi kusikia harufu ya mdomo wa kifaranga ukiungua, usiitafute. Ni harufu ya nywele zilizoshika moto, inakuganda kooni na kukufuata mpaka kwenye kikombe cha chai. Mwanamke mmoja aliishi na harufu hiyo miaka kumi na miwili, na hakuwahi kununua marashi ya kuifukuza.

Kazi yake ilikuwa kukata midomo ya vifaranga, wakikua wasidonoane, katika shamba la kuku wa mayai. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mashine ndogo ya umeme yenye wembe uliowaka kwa moto. Mkono wa kushoto unachota kifaranga kwenye kreti, dole gumba nyuma ya kichwa, mdomo ndani ya tundu, wembe unashuka. Ncha inaanguka, kidonda kinaunguzwa papo hapo kisitoe damu, kifaranga anatupwa kwenye kreti ya pili. Sekunde tatu. Kwa siku alimaliza elfu mbili na ushei, na hapo vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimepinda na havikunji. Wenzake walimwita Mkasi. Walimwita hivyo akiwa mbali. Akiwa karibu walimwita dada.

Aliyeuonja mkono wake mapema pale kazini alikuwa mchanganya chakula cha kuku, mwanamume wa maneno mengi waliyembatiza Bwana Pumba. Alimtania kuhusu vile vidole, akasema vimekaa kama vinaomba lifti. Hakumaliza kucheka. Mkasi alimpiga beleshi la mgongo kwa bapa, mara mbili, na Bwana Pumba akalala kifudifudi wiki nzima.

"Dada, ulikuwa utani tu," alimwambia aliporudi kazini.

"Na mimi nilikuwa nakutania," Mkasi akamjibu. "Ningekuwa sitanii, ningetumia makali."

Binadamu ni wa ajabu: tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Vidole vile vilikuwa na habari yake. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, na baba, asiyejua hata kuchemsha maji, akampeleka kwa dada yake. Huyo shangazi alikuwa fundi cherehani wa kuheshimika, mwanamke safi aliyepanga masufuria yake kwa ukubwa na kuyageuza yote yatazame ukutani. Watu walimsifu kwa moyo wa kulea. Ndani ya nyumba alimpiga yule mtoto kwa mwiko, kwa waya wa pasi na kwa rula ya chuma ya kushonea, na akichoka alimfungia kwenye stoo ya mkaa mpaka mkono upumzike. Siku moja mtoto, sasa wa miaka minane, alimwaga maziwa. Shangazi hakupiga kelele. Alimshika mkono, akaulaza kwenye ukingo wa kinu, akavinyoosha vidole kimoja kimoja kama mtu anayepima kitambaa, kisha akashusha mchi. Mara moja tu. Halafu akamwambia apanguse maziwa.

Akiwa na miaka kumi na mitano alitoroka, na alikokwenda kote alikwenda na mkono mwepesi. Kwenye foleni ya maji alimvunja mwenzake mtulinga kwa ndoo iliyojaa. Mwenye nyumba aliyemgongea mlango kwa dharau alishuka ngazi kwa mgongo. Aliolewa na fundi baiskeli, mwanamume mpole wa kuchekacheka, na akampenda kweli, lakini siku moja yule mume alimjia kwa nyuma akamshika bega ghafla kwa mapenzi. Mkasi alikuwa ameshika kufuli. Meno mawili yalitoka. Mume aliyaokota, akayafunga kwenye leso, akaondoka nayo.

Ndipo familia ya mume ikaitisha kikao kuhusu binti waliyemzaa. Aliyezungumza kwa niaba ya wote alikuwa wifi yake, mwalimu wa chekechea anayeishi mitaa miwili kutoka pale.

"Mtoto abaki na mama yake, sisi si wanyama," wifi alisema. "Lakini sikiliza, wifi yangu. Huko nje pigana na dunia nzima ukitaka. Siku tutakaposikia umempiga mtu, mtu yeyote, ndani ya nyumba anayolala huyu mtoto, mtoto anahamia kwangu siku hiyohiyo. Umekubali?"

Mkasi alikubali, na alikula kiapo akimtazama binti yake aliyekuwa na miaka minne, amekaa mkekani akila ukucha. Kila Jumamosi wifi alipita kumtazama mtoto, akimgeuza huku na huku kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Hakuwahi kukuta hata alama ya kofi. Miaka sita ilipita. Binti akafika kumi, mtaratibu, anayepanga penseli zake kwa urefu. Mkasi alikuwa moto wa kuotea mbali mitaani kote, lakini nyumbani alimsuka nywele kwa vidole vyake nane vinavyokunja na hakumvuta hata unywele. Hicho ndicho kitu pekee alichojisifia duniani. Mtoto asiye na kovu, aliamini, ni mtoto aliyeokoka.

Mwaka ule vifaranga wa banda la nne walichelewa njiani. Gari lililowaleta liliharibika, wakakaa siku mbili kwenye maboksi katika mvua, bila joto, bila maji. Kati ya elfu nne, mia sita walifika wamekufa, na waliobaki walikuwa wamesimama juu ya wenzao. Mkasi alitia mkono ndani ya boksi moja, akautoa.

"Hawa watakulana," alimwambia meneja.

Meneja alikuwa kijana msomi mwenye kalamu tatu mfukoni. "Wakipata joto na chakula watasahau. Kuku ana kumbukumbu gani?"

"Watasahau wao. Midomo yao haitasahau. Nimeona mara nyingi, bosi. Wanaoanza kwa baridi na kukanyagana, hata uwape nini, wakifika kutaga wanaanza kudonoana."

"Si utawakata midomo?"

"Nitawakata. Huota tena kidogo, na kidogo kinatosha. Weka taa nyekundu."

Hilo la taa lilikuwa jambo la kawaida katika kazi yao. Kuku akiona damu hana simile. Ataifuata mpaka mwenye damu afe. Lakini ndani ya mwanga mwekundu kila kitu ni chekundu, na damu haijitengi na manyoya. Meneja alinung'unika, akaweka, na madirisha akayaziba kwa mapazia meusi.

Wiki ileile binamu wa Mkasi, dereva wa lori, alisimama mlangoni kwake na godoro begani. Nyuma yake, ndani ya lori, alikuwa amelala shangazi. Kiharusi kilikuwa kimempiga. Upande wote wa kushoto, kuanzia shavu hadi unyayo, ulikuwa umekufa, na ulimi nao umekufa. Kilichobaki ni jicho la kulia, mkono wa kulia na hasira.

"Ndugu wamekutana, wakaamua aje kwako," binamu alisema. "Wengine wote wana sababu zao. Wewe una chumba."

"Na mimi sina sababu?"

Binamu alivitazama vile vidole, akayahamisha macho. "Ndiyo maana sikupiga simu kwanza," alisema.

Angeweza kukataa. Hakuna ambaye angemlaumu, na wenye kulaumu wangelaumu kwa mbali. Lakini ukweli usemwe: alitaka kumwona akiwa chini. Alitaka aingie chumbani kila asubuhi, amkute mwanamke yule hawezi hata kujigeuza, amgeuze yeye. Alisogeza kabati, akatandika.

Wakapanga utaratibu. Mkasi alimwogesha asubuhi na jioni, jirani akamchungulia katikati, na binti, akitoka shule saa sita, akamlisha bibi uji wa mchana. Kazi ya uji haikuwa ya mchezo. Mgonjwa alitema. Alifinya kwa ule mkono mmoja, akishika nyama kidogo na kuizungusha, ufundi aliokuwa nao toka zamani. Mkasi alijikaza kisabuni wiki mbili. Ya tatu, mgonjwa alimtemea uji usoni, akamkamata nywele, akamvutia kichwa kwenye chuma cha kitanda, ngo!

Ngumi ya Mkasi ilishuka yenyewe. Ilitua kwenye paja la kushoto kwa nguvu za miaka thelathini. Mgonjwa hakushtuka wala hakupepesa. Aliendelea kuvuta nywele kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mkasi alijinasua, akasimama akihema. Alilitazama lile paja likianza kuvimba, kisha akautazama uso. Hakuna. Basi akafikia uamuzi ambao mtu wa kazi nyingine pengine asingeufikia, lakini yeye aliyezoea kuunguza mdomo ili damu isitoke na kuwasha taa nyekundu ili isionekane, ulimjia kwa urahisi: mtu asiyesikia maumivu hajapigwa. Kiapo chake kilikuwa kizima.

Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya kumwogesha, alimtuma binti nje akaanue nguo, akasukuma komeo, akalikunja gauni refu la mgonjwa mpaka kwapani, akaanza. Alipiga kwa kiganja, kwa ngumi, kwa mgongo wa brashi ya mbao ya kufulia. Nyonga, mbavu, paja, upande wa kushoto tu. Wa kulia hakuugusa hata kwa bahati mbaya. Hakupiga mtu, alijiambia, alipiga upande. Alipomaliza alishusha gauni, akanyoosha shuka, akatoka akiwa mwepesi, akala kwa hamu. Ni aibu kulisema, lakini ilimpendeza. Tangu azaliwe hakuwa amepata kulala usingizi mzuri kama wa miezi ile. Jicho la kulia la shangazi lilimfuata chumba kizima, naye akalizoea.

Jumamosi wifi alikuja, akamgeuza mtoto, akachungulia mgonjwa aliyefunikwa mpaka kidevuni, akasema, "Mungu atakulipa, wifi. Sikujua una moyo huu." Mkasi akamkaribisha chai.

Kuku wa banda la nne wakafika kutaga. Wakapendeza, wakanenepa, na meneja hakuacha kumkumbusha Mkasi jinsi walivyotulia. Kisha ikaja habari ya wageni, wanunuzi wakubwa wa mayai, na meneja akaona aibu kuwaingiza watu wa maana ndani ya banda jekundu kama baa. Alfajiri ya siku hiyo, bila kumuuliza mtu, alibadilisha taa zote akaweka nyeupe, akatoa na mapazia.

Mkasi alipopita nje ya banda saa tatu alisimama ghafla. Banda la kuku wanaotaga lina kelele za soko. Hili halikuwa na sauti, isipokuwa mikwaruzo ya kucha na vishindo vidogo vya mbawa. Akaufungua mlango.

Kuku mmoja alikuwa ametoka kutaga, na nyuma yake, kabla mwili haujajirudisha ndani, palikuwa na wekundu. Mwenzake alidonoa. Akavuta. Utumbo ukatoka kama uzi, na aliyeuvuta akakimbia nao, ishirini wakamfukuza, na mwenye utumbo akakimbia pia, akijifungua mwenyewe. Kwa mamia, banda zima, waliokuwa na damu mdomoni walidonolewa midomo, waliodonolewa walidonoa wengine. Walipanda juu ya walioanguka na kuwala wakiwa hai, macho yao yale ya duara hayana chuki wala furaha. Hakuna aliyekuwa na njaa; vyombo vya chakula vilikuwa vimejaa.

"Zima taa!" Mkasi alipiga yowe. Bwana Pumba alikimbilia swichi, lakini jua lilikuwa limekwisha kuingia kwa madirisha. Ikabaki mikono. Mkasi aliingia katikati. Walimdonoa magoti, walimdonoa vidole. Aliwapiga teke, akawafagia kwa beleshi, akawaokota waliopasuka akawanyonga, shingo moja baada ya nyingine, akiwatupa nyuma bila kutazama. Damu ilimfika viwikoni. Aliendelea. Mikono ilishika mwendo wake kama kwenye mashine, sekunde tatu, sekunde tatu, na ndani ya kifua chake kulikuwa na ule wepesi wa jioni anaposhusha gauni.

"Dada! Dada! Huyu mzima!"

Bwana Pumba alikuwa amemkamata kiwiko. Mkasi alimgeukia na kumchapa ngumi ya shavu kabla hajamtambua. Kisha akatazama mkononi mwake. Alikuwa na kuku mnene, hana hata tone la damu, shingo yake inaning'inia. Nyuma yake palikuwa na rundo. Wengi wa rundo lile walikuwa wazima kama huyo.

"Arobaini hivi," Bwana Pumba alisema, ameshika shavu. "Hawakuwa wamefanya kitu. Nilikuita na kukuita."

Meneja, rangi imemtoka, alimwambia aende nyumbani akaoge.

Alitembea njia nzima na mabuti yake ya mpira, watu wakimpisha. Alitaka kuoga kabla binti hajafika, lakini alikuwa amechelewa. Kufuli ya mlango ilikuwa imeshafunguliwa. Saa sita ilikuwa imepita. Kutoka chumba cha mgonjwa alisikia sauti. Pa. Kimya kidogo. Pa.

Binti yake alikuwa amepiga magoti juu ya kitanda, na sare ya shule. Bakuli la uji lilikuwa kwenye stuli, limefunikwa na sahani lisipoe. Gauni la mgonjwa lilikuwa limekunjwa vizuri mpaka kwapani, na taulo limetandikwa chini. Mkono wa kulia wa mgonjwa, ule mzima, ulikuwa umefungwa kwenye chuma cha kitanda kwa tai ya shule. Binti alikuwa na ile brashi ya mbao. Aliinua, akalenga, akashusha. Hakuwa na hasira. Alifanya kama anavyofanya hesabu zake, ulimi nje kidogo kwenye pembe ya mdomo.

"Shikamoo mama," alisema. "Umerudi mapema."

"Unafanya nini?"

"Alitema uji. Halafu akanifinya, tazama." Akaonyesha mkono, alama mbili nyekundu. "Namtia adabu kidogo, halafu anakula. Huku hasikii, mama. Nilijaribu kwanza kwa sindano."

"Nani amekufundisha?"

Binti alimtazama jinsi watoto wanavyomtazama mtu mzima anayeuliza jambo analolijua. "Mlango una ufa," alisema.

Kofi lilikwenda. Mkasi hakulituma, alilisikia tu likilia. Mtoto aliruka kutoka kitandani, akajigonga kwenye stuli, uji ukamwagika, mdomo wa chini ukapasuka. Miaka sita ikaishia hapo, mchana kweupe, kwa mkono ambao bado ulikuwa na damu ya kuku.

Na mtoto hakulia. Aliinuka. Alikuwa bado na brashi, akaja nayo moja kwa moja, akampiga mama yake kwa mbao usoni, chini ya jicho, kwa mikono miwili. Akarudia. Alipiga vizuri. Alijua kuweka mguu wa mbele, alijua kuzungusha kiuno, na uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliye kazini. Mkasi, aliyewahi kushusha wanaume ngazi, alirudi nyuma hatua tatu mpaka ukutani, mikono juu ya kichwa, akajikuta amechuchumaa.

Alimwogopa. Alimwogopa mtoto wa miaka kumi aliyemsuka mwenyewe asubuhi ile, na hofu hiyo aliijua vizuri, aliijua hadi kwenye mifupa ya vidole.

"Basi," alisema. "Basi, mwanangu. Basi."

Brashi ikasimama hewani, kisha ikashuka. Mkasi aliinuka taratibu. Alilishusha gauni la mgonjwa, akalifungua fundo la tai. Mkono wa shangazi ulianguka juu ya shuka, na safari hii haukutafuta nyama ya kufinya. Jicho la kulia lilikuwa wazi, likitiririka maji. Mkasi alikunja sare mbili, nguo za ndani, penseli, akazitia kwenye mfuko, akamshika mtoto mkono.

Wifi alifungua geti akiwa na chaki vidoleni. Akaona damu, akaona jicho la Mkasi lililovimba, akainama kwa mtoto.

"Mdomo umefanya nini, mama?"

"Nimeanguka bafuni, shangazi," mtoto alijibu. Hakusita hata kidogo, wala hakumtazama mama yake.

Mkasi aliutambua. Uongo ule mtoto hakufundishwa na mtu. Mkasi mwenyewe aliusema miaka kumi na mmoja, kwa walimu, kwa majirani, kwa baba yake, kwa sauti ileile laini, na wote waliitikia pole.

"Hakuanguka," alisema. "Nimempiga mimi. Na mgonjwa nampiga, kila siku, tangu aje. Na huyu naye amempiga. Ulisema siku hiyohiyo, wifi. Ni leo."

Wifi alimshika mtoto bega, akamwingiza getini. Kisha akapokea mfuko.

"Nisikilize," Mkasi alisema. "Atakupiga. Si leo, leo ataosha vyombo na utampenda. Lakini siku utakayomkemea atakupiga, na anajua kupiga. Usimrudishie. Mshike mikono, mkalie ukitaka, lakini usimrudishie hata mara moja. Naomba, wifi."

"Sijawahi kumpiga mtoto."

"Hujawahi kupigwa na mtoto."

Binti alikuwa tayari ameingia ndani. Alisimama sebuleni akitazama rafu ya vitabu, akakirudisha wima kimoja kilicholala. Mkasi alingoja kuona kama atageuka. Hakugeuka. Wifi akasema, "Jumamosi njoo wewe," akafunga geti polepole.

Mkasi alirudi nyumbani kwa njia ileile. Uji ulikuwa umemwagika wote, na mgonjwa hakuwa amekula tangu asubuhi, na sasa nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu. Alinawa mikono mpaka viwikoni, akabandika sufuria jikoni, akasimama akikoroga.